Ratli Moja na Ratli Mia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya shukrani, na zaburi nilikuwa nimeshaichagua. Jumanne alasiri nikaingia chumba cha mgonjwa, na pua yangu ikanipangia somo jingine.

Tulikwenda watatu kumjulia hali mzee wetu mmoja ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka uanze. Wenzangu walitangulia ndani. Mimi nilipofika kizingitini nikasikia harufu: dawa ya kusafishia sakafu, shuka zisizokauka vizuri, mkojo, na chini ya hayo yote ile harufu nzito ya kidonda kisichofunga. Sikupata hata nafasi ya kuwaza. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya mlango mwingine, miaka tisa nyuma, mkono juu ya kitasa, navuta pumzi ndefu ya hewa ya nje ili nikishaingia kwa Mama nikae muda bila kuvuta nyingine.

Ndiyo. Nilikuwa nabana pumzi nikiingia kwa mama yangu mzazi.

Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu waziwazi, na leo nawaandikia ninyi. Mama aliugua miezi saba. Mimi nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Nilinunua dawa, nilileta kila kilichotakiwa, nilisali sala fupi nimesimama, kisha nikakumbuka kazi. Watu walinisifu kuwa ni mtoto anayejali. Nami nilijiambia kwamba majukumu yananivuta. Uongo. Ilikuwa harufu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alinijia Jumanne, umri wake miaka tisa, akanishika mkono mbele ya mlango wa mzee wa watu.

Kuna sababu ya harufu kuingia bila kubisha hodi. Tunachokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio hupitia kwanza kituo fulani ndani ya ubongo, thalamasi, ndipo kigawanywe kwingine. Harufu hailazimiki kupita hapo. Neva za puani huipeleka kwenye sehemu ndogo iliyo juu tu ya pua, na sehemu hiyo ina njia ya moja kwa moja hadi amigdala, ambako hofu na hisia huwaka, na hadi maeneo ya jirani na hipokampasi, inayotutengenezea kumbukumbu. Ndiyo maana picha ya Mama iliyo ukutani naipita kila asubuhi bila kutikisika, lakini harufu ya dakika moja ililegeza magoti yangu. Wewe nawe unayo yako. Sabuni fulani, kurasa za kitabu cha zamani, koti la mtu aliyeondoka. Hata ile harufu ya mvua ya kwanza baada ya ukame, kumbe si ya maji. Vijidudu vya udongoni hutengeneza kitu kiitwacho geosmini, nacho hukaa humo kimya siku zote za jua, hadi matone yapige ardhi kavu na kukirusha hewani. Kilikuwepo muda wote. Kilingoja kupigwa.

Na tazama lugha yetu ilivyo: harufu husikiwa. Nuhu alipotoka safinani akatoa sadaka, tunasoma kwamba "BWANA akasikia harufu ya kumridhisha." Kama harufu husikiwa, basi huenda ina neno la kusema. Jumanne nililisikia neno, ila sikutaka kulisikiliza. Nilikaa pale dakika tano, nikaomba sala yangu fupi, nikawa wa kwanza kutoka.

Niseme haraka, kabla mtu hajaondoka na wazo baya: si kila kinacholetwa na pua ni kweli. Isaka alimnusa Yakobo aliyevaa mavazi ya kaka yake, akasema harufu ya mwanawe ni kama harufu ya shamba alilolibariki BWANA, akambariki asiyemkusudia. Pua iliapa kwamba huyu ni Esau. Waisraeli nao jangwani walikumbuka matango na vitunguu saumu vya Misri, wakasahau mijeledi. Kwa hiyo ile sauti iliyoniambia Jumanne "hukumpenda mama yako" niliipima, nikaona inadanganya. Nilimpenda. Lakini ile iliyosema "hukukaa naye" haikudanganya.

Usiku usingizi ulinigomea. Nikaenda Bethania, Yohana 11.

Lazaro, ndugu yao Martha na Mariamu, amekufa na kuzikwa, na Yesu anafika siku ya nne. Anaagiza jiwe liondolewe, na Martha, mwanamke ambaye dakika chache nyuma amekiri kwamba huyu ndiye Kristo, anasema, "Bwana, ananuka sasa." Namwelewa sana Martha. Alimpenda ndugu yake, na jiwe lile lilimtunzia heshima yake. Kila mmoja wetu ana jiwe lake. Langu lilikuwa pumzi niliyoibana. Lakini angalieni Yesu: hambishii Martha. Hasemi kwamba Lazaro hanuki. Anasimama palepale mdomoni mwa kaburi, jiwe linaondolewa, na chochote kilichotoka humo kilimkuta yeye amesimama mbele. Kisha ndipo anaita. Neno alifanyika mwili, wapendwa, na mwili ule ulikuwa na pua.

Sasa funua ukurasa. Sura ya 12, siku sita kabla ya Pasaka, kijiji kilekile, ndugu walewale. Lazaro ameketi chakulani. Martha anatumika. Mariamu anatwaa ratli moja, kipimo cha uzito cha zamani, ya marhamu ya nardo safi, yaani mafuta ya manukato, anampaka Yesu miguu, anaifuta kwa nywele zake, "nayo nyumba pia ikajaa harufu ya marhamu." Sura moja watu wanaogopa kunuka, sura inayofuata nyumba nzima inanukia. Kwa Kiswahili tofauti ni herufi moja, ile i inayogeuza kupika kuwa kumpikia mtu, na kufua kuwa kumfulia mtu. Sidai kwamba wataalamu wa sarufi watanikubalia, lakini herufi hiyo nimeitafuna wiki nzima. Kunukia ni kwa ajili ya mtu.

Yuda alipiga hesabu papo hapo: dinari 300. Kibarua katika ule mfano wa shamba la mizabibu alilipwa dinari moja kwa kutwa, kwa hiyo miguuni pale palimwagwa karibu mshahara wa mwaka. Na Yesu akasema, mwacheni, ni kwa siku ya maziko yangu.

Naomba mkae nami hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliposhikwa. Siku chache baadaye maziko yalifika kweli. Nikodemo akaleta mchanganyiko wa manemane na udi, yapata ratli mia. Ratli mia! Simdharau Nikodemo hata kidogo, alijitokeza siku ambayo wanafunzi wengi walikuwa mafichoni. Lakini ratli zote mia zilipakwa mwili ambao haukuweza kuzisikia. Wale wanawake nao wakanunua manukato, wakaenda kaburini alfajiri, wakakuta kaburi li wazi, mwili haupo, na manukato yao yakakosa wa kupakwa. Katika yote yaliyonunuliwa kwa ajili ya Bwana siku zile, yaliyomfikia akiwa na pumzi ya kuyasikia ni yale ya Bethania. Ratli moja. Na Mariamu kwa kuwa aliifuta kwa nywele zake, aliondoka pale naye ananukia vilevile.

Mimi kwa Mama nilileta ratli mia. Mazishi yake yalikuwa mazuri, kila mtu alisema hivyo. Maua yalifunika jeneza lote. Sikuuliza bei ya kitu chochote. Mama hakusikia harufu ya ua hata moja.

Sasa mnivumilie, maana hili si langu peke yangu. Mzee tuliyemwona Jumanne amefundisha watoto wa kanisa hili Neno kwa miaka mingi. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikariri Zaburi ya 23 mbele yake. Akifa kesho tutajaa hadi nje, tutakosa viti, na watu watagombania nafasi ya kusimulia alivyokuwa mtu wa Mungu. Leo yu hai. Niliwauliza walio nyumbani ni wageni wangapi wa kanisani wamefika mwezi huu, wakanijibu kwa upole kwamba sisi ndio wa kwanza. Nikaona aibu, nami nawagawia sehemu yenu. Tumekuwa hodari wa kuandika "tunakuombea, mzee wetu" kwenye simu, na tunaipenda njia hiyo kwa sababu simu haina harufu. Paulo alituita manukato ya Kristo. Manukato hayatumwi kwa ujumbe. Chupa lazima ifike chumbani.

Wala usiniambie kwamba wewe huna moyo wa kuvumilia mambo hayo, kwamba wengine wamepewa karama hiyo. Nilisema hivyohivyo miezi saba. Aliyelala chumba kimoja na Mama ni dada yangu. Wiki chache baada ya mazishi nilijisahau nikamuuliza, "Dada, ile harufu uliiwezaje?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Harufu gani?"

Nilidhani ananistahi. Kumbe ndivyo pua ilivyoumbwa. Harufu isiyobadilika, ukikaa nayo dakika kadhaa, pua huizoea na kuacha kukupa habari zake. Hii ndiyo sababu hakuna anayesikia harufu ya nyumba yake mwenyewe. (Jambo hili lina upande wake mbaya: hata kanisa linaweza kuizoea harufu yake. Someni Yeremia 48:11 juu ya Moabu, hilo tutalirudia siku nyingine.) Fikirini maana yake. Anayekaa hupumzishwa. Anayeingia na kutoka ndiye anayeanza upya kila mara. Mimi niliyeikimbia harufu ya mama yangu ndiye niliyeisikia kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, kila ziara, miezi saba mfululizo, kwa kuwa sikukaa hata siku moja muda wa kutosha neema hiyo ndogo inifikie. Zilikuwa zimebaki dakika chache tu! Ndugu yangu, dada yangu, kama kuna mlango unaoukwepa, mlango wa mzazi, wa jirani, wa mume aliyepooza ambaye umemwachia msichana wa kazi, nakusihi katika jina la Bwana: ingia, vuta pumzi, kaa. Usiseme chochote kama huna la kusema. Usiombe sala ndefu. Kaa tu hadi pua yako ichoke na moyo wako ubaki peke yake na yule mtu.

Ijumaa nilirudi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umerudi?" Alisema kwa sauti ya mtu ambaye hakutegemea.

Sikubana pumzi. Nisiwadanganye kwamba ilikuwa rahisi, tumbo liligeuka na jasho likanitoka. Nilisema moyoni, Bwana uliyesimama mbele ya kaburi la Lazaro, simama nami hapa. Nikavuta kiti karibu na kichwa chake. Mzee akaanza kunisimulia jinsi alivyomchumbia marehemu mkewe, hadithi ndefu yenye barua tatu zilizopotea njiani, na tulikuwa tumefika barua ya pili niliposhtuka kwamba sisikii tena kitu. Nilikuwa chumbani na mtu.

Baadaye akaja mama mmoja wa ushirika wetu na shuka mbili alizozipiga pasi asubuhi hiyo, zimekunjwa bado zina joto. Tulimgeuza mzee taratibu, tukatoa za zamani. Shuka mpya ilipofunguka hewani, ikatoka ile harufu ya nguo iliyotoka kwenye pasi, na Mama akaja. Yule wa kabla ya ugonjwa. Amesimama usiku anapiga pasi sare zetu za shule, ananyunyiza maji kwa ncha za vidole, anaimba kwa sauti ya chini ili tusiamke. Huyo nilikuwa nimempoteza miaka tisa. Kila nilipomtafuta nilimpata yule wa kitandani tu.

Nikageukia ukuta.

"Kuna nini, mwanangu?" mzee akauliza.

"Shuka zinanukia, baba."

Akavuta pumzi ndefu, macho ameyafumba. "Zinanukia kweli," akasema.

Tunarudi Jumanne saa kumi. Inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili ili vidonda visiongezeke, na wanaomhudumia pale nyumbani ni wawili tu, nao wamechoka. Shuka zinazohitajika ni nne. Mwenye nazo aje nazo, na asiye nazo aje pia, viti vipo.