Basi ya mama, si basi la kupanda

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mama alisema "Basi" Jumanne, saa saba na dakika kama nane mchana, na leo Jumamosi bado sijui alikuwa na maana gani.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwamba mwaka wangu mpya huingia saa saba mchana. Oakland, huku California ninakoishi, iko nyuma ya Tanga kwa saa kumi na moja, kwa hiyo saa sita ya usiku ya Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga, hunikuta kazini kwenye nyumba ya wazee, wakimalizia chakula na mimi nikihesabu nani hajanywa maji. Kila tarehe 31 Desemba naomba robo saa, najifungia chumba cha kufulia, napiga simu nyumbani huku mashuka yanazunguka. Kuongea si hoja sana, hoja ni honi. Mama hufungua dirisha, anatoa simu nje, na kama kuna meli bandarini nazisikia zikilia pamoja, na watoto wakigonga masufuria, na yule jirani mwenye pikipiki asiyejua kufurahi bila kuivumisha. Dakika tatu hivi. Halafu mama anarudisha simu sikioni, ndipo tunasalimiana.

Mazungumzo yenyewe nayaweka kama yalivyokuwa. Nimeyarudia mno, naogopa nikichelewa nitaanza kuyatengeneza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umesikia?"

"Nimesikia. Mwaka huu wamezidisha."

"Wana kazi gani nyingine. Hujambo wewe? Mbona sauti iko chini?"

"Uchovu tu mama. Na timu yangu imehama."

"Ile ya rungu?"

"Hiyo hiyo. Imeondoka mjini."

"Yote?"

"Yote. Hata jina la mji wameliacha."

"Waliaga?"

"Waliaga. Siku ya mwisho kocha alishika kipaza sauti pale uwanjani, akawashukuru watu."

"Basi."

Kisha akahamia kwenye bei ya nazi. Timu yenyewe ni Athletics wa Oakland, ya besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu.

Sasa, mtu wa pwani ana basi nyingi. Kuna basi ya kubembeleza mtoto, basi mwanangu, basi, nyamaza. Kuna basi ya kuridhika, inayokuja na alhamdulillahi nyuma yake. Kuna ile inayovutwa, baaasi, ambayo ukiisikia kwenye kibaraza ujue kuna mtu kavuliwa nguo kwa maneno. Kuna basi ya marehemu baba, aliyokuwa akiitoa mazoezini na dumbaki mapajani, fupi, mkono mmoja juu, na kikundi kizima kinanyamaza, tari na fidla vyote. Hii ya mama haikuwa mojawapo. Ilikuwa ndogo, kavu, kama mtu anayefunika sufuria aliyoichungulia akakuta hakijaiva. Mke wangu ananiambia, "Mama kasema basi, wewe unatafuta nini tena humo?" Yeye kakulia Mwanza. Huko mtu akikukasirikia unaambiwa.

Wiki hii Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, kafariki na bendera ya kazini iko nusu mlingoti, binti kang'oka jino la mbele, barua ya tarehe ya kuapa uraia imefika Jumatatu na iko chini ya sumaku ya friji, na mimi nimekaa nachambua silabi mbili.

Kilichonichoma si basi peke yake. Ni "Waliaga?" iliyotangulia. Kati ya maswali yote ambayo mtu angeuliza kuhusu timu ya mpira iliyohama, wamekwenda wapi, kwa nini, nani kawafukuza, yeye kachagua hilo.

Mimi niliaga. Naandika hapa lishuhudiwe. Mwaka 2005 nilipita nyumba kwa nyumba, nikawapa mkono wazee wa Barabara ya Kumi na Tano, shangazi akanisomea dua na kunitia maji usoni, baba akanisindikiza mpaka stendi akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano. Hakuna aliyeachwa. Ila kila niliyemuaga nilimwambia miaka miwili. Mama nilimwambia miaka miwili. Kwa hiyo nikikaa kwenye chumba cha kufulia na kumwambia kwa uchungu kwamba kuna watu wamefunga virago wakaacha mji wao, na yeye akauliza kama waliaga, nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba waliaga... Mnaona. Yalimalizika kabla sijajisikia ninachosema.

Na tusijidanganye, hiyo timu nayo haikuwa mwenyeji. Mzee wangu wa chumba cha tisa, yule aliyenifundisha besiboli kwa redio zamu za usiku, hachoki kunikumbusha. Walizaliwa Philadelphia mwaka 1901, wakahamia Kansas City mwaka 1955, wakaja Oakland mwaka 1968. Yeye alikuwa kijana wakati huo, alifurahi, hakuwahi kujiuliza kwamba kuna mtu Kansas City kabaki na kofia isiyo na timu. Baadaye ukaja ubingwa wa 1972, 1973 na 1974 mfululizo, na ule wa 1989. Msimu ujao wanachezea West Sacramento, uwanja mdogo, wakisubiri kuhamia Las Vegas. Nani mkosaji siingii huko, mlishagombana vya kutosha chini ya andiko la Oktoba.

Siku ya mwisho, Alhamisi tarehe 26 Septemba, nilibadilishana zamu nikaenda na binti. Tulikuwa watu 46,889, uwanja ambao miaka ya karibuni ungeweza kulala kwenye viti vitatu bila mtu kukuuliza. Tuliwafunga Texas 3-2. Binti akawa anaruka, akageuka akaona watu wazima wenye ndevu wakifuta macho kwa kofia. "Baba, si tumeshinda? Wanalia nini?" Sikuwa na jibu lenye ukubwa wa umri wake. Chini kule watu walikuwa wananyoosha vikombe vya plastiki wakiomba udongo wa uwanja. Nikatazama pembeni. Wale mliosoma niliyoandika baba alipofariki, jinsi nilivyofikiwa na habari wakati watu wameshatoka makaburini kitambo, mnajua kwa nini udongo siwezi.

Mtaniambia nimeanza na mwaka mpya nimeishia makaburini. Ngoja basi nicheke kidogo, maana Desemba haikuwa mbaya yote. Rickey Henderson alipofariki tarehe 20, siku tano kabla hajatimiza miaka 66, nilipatwa na wazimu wa kuandika tanzia kwenye kundi la familia. Huyu alikuwa mtoto wa Oakland hasa, kasoma hapa, kacheza hapa. Katika besiboli mpigaji akishafika kituo cha kwanza anaweza kuchomoka kwenda cha pili wakati mrushaji anarusha, bila kusubiri mwenzake apige. Hiyo huitwa kuiba kituo. Rickey aliiba mara 1,406, na hakuna aliyemkaribia. Basi nikaandika, kwa heshima zote, "Leo tumempoteza mwizi mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea." Nikaweka simu mfukoni. Niliporudi mjomba wa Pangani ameshajibu: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mola amsamehe. Walimpiga?"

Shangazi naye akauliza kama alikuwa ameacha tabia hiyo kabla ya umauti. Nilieleza kwa aya nne. Mjomba akasoma, akajibu: "Kama aliiba mchana watu wakitazama, huyo si mwizi, ni kiongozi."

Nirudi kwenye ngoma, ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo. Uwanja ule ulikuwa na muziki wake. Yule MC Hammer, mwanamuziki wa rap, ambaye mwaka 1990 sote pale Tanga tulishona suruali pana za kumuiga na kuangukiana kwenye sakafu ya ukumbi wa shule, utotoni alikuwa akicheza dansi kwenye maegesho ya uwanja huo huo, mwenye timu wa wakati ule akampenda, akampa kazi ya kuokota rungu. Hilo nililijua nimeshakaa hapa miaka sita. Na kwenye viti vya jua, vile vya bei rahisi, kulikuwa na wapiga ngoma. Mchezo mzima, jua au baridi. Mimi besiboli niliielewa kwa redio lakini niliipenda kwa zile ngoma. Siku ya kwanza nilisogea mpaka nikasimama nyuma ya jamaa mmoja mnene mwenye shati la kijani, namtazama mikono. Alinikazia macho, akanikabidhi vijiti. Nikapiga kilichokuja, na kilichokuja ni chakacha. Akasema, hiyo ni nini. Nikamwambia ya baba. Toka siku hiyo jina langu pale likawa hilo, Ya Baba, akilitamka kama jina la mji wa Ulaya.

Baba hakuwa mtu wa Black Star wala Lucky Star, vile vikundi vikubwa vya taarab vya Tanga, wasije watu wa Tanga wakanirukia. Kikundi chake kilikuwa cha harusi za mtaani, wanalipwa pilau na nauli. Ila dumbaki lake lilikuwa na kitu.

Sasa juzi Alhamisi, saa mbili usiku, kengele ya mlango inalia. Nafungua, jamaa wa shati la kijani, safari hii kavaa sweta, kakumbatia ngoma iliyofungwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Anahema, ngazi zetu mnazijua. Kasema mgongo haumruhusu tena kubeba mbili. Kasema Sacramento haendi ng'o, lakini mwezi wa tano wanaanza kupiga Raimondi Park, West Oakland, kwa Ballers, timu changa iliyoanza mwaka jana, na anataka mkono wa pili. "Ya Baba," akasema, "lete ile." Hata chai hakunywa.

Nikabaki na ngoma sebuleni. Binti kaamka, mke wangu kanitazama kwa jicho la kodi ya nyumba na jirani wa chini. Ilikuwa imefika saa tatu usiku, maana yake Tanga saa mbili asubuhi Ijumaa, mama yuko kwenye chai na vitumbua. Nilipiga simu nikiwa na nia moja tu, kuuliza basi ile ilikuwa basi gani. Nilikuwa na maneno nimeyapanga.

Nikasema, "Mama, hebu sikiliza." Nikaiweka simu juu ya kiti, nikapiga. Taratibu, kwa vidole, si kwa vijiti. Dakika moja labda. Nikasimama. Kimya, nikadhani mtandao.

"Mkono wa kushoto unakimbia," mama akasema.

"Unakimbia?"

"Unakimbia. Baba yako aliuacha nyuma kidogo. Unauacha, halafu unaufuata. Sikiliza." Nikasikia kikombe kinasogezwa, na vidole vyake juu ya sinia, mama yangu wa miaka 74 ambaye sijawahi kumwona akigusa ngoma maishani mwake, taka-ta, ta, taka-ta, na ile nafasi, lile pengo dogo pale ambapo mkono wa baba ulikuwa ukichelewa kwa makusudi mpaka wanawake wanainuka na vitambaa. Ilikuwepo. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa naijaza.

Nikapiga tena. "Bado." Nikapiga. "Bado, una haraka ya nini?" Binti kaja akakaa chini, akaanza kupiga kwa kijiko juu ya sanduku la viatu, na yeye akaipata mara ya pili. Ya pili! Mama akamsikia, akauliza huyo nani, nikamwambia mjukuu wako, akapiga kigelegele kilichofanya simu ikoroge sauti. Jirani wa chini akagonga dari yake mara tatu. Binti akazichukua zile tatu akaziingiza ndani ya mdundo. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ameziba mdomo kwa upande wa khanga, na mabega yanatikisika, ndiyo jicho la kodi limekwisha hivyo.

Tulikaa dakika arobaini. Hakuna aliyetaja uraia, timu, wala miaka miwili.

Mwishowe mama akasema, "Haya basi baba, chai imepoa yote." Akakata. Sikuuliza.

Jana baada ya kazi nimefanya mazoezi peke yangu nusu saa, na mto juu ya ngoma. Mkono wa kushoto bado unakimbia. Nikiuwaza tu unakimbia zaidi, inabidi nimtazame binti anavyofanya.

Jambo jingine. Gari linalia gurudumu la mbele kulia, ukikata kona kwenda kushoto, mlio wa kusaga, na umeanza Alhamisi. Fundi wangu kafunga mpaka tarehe 8. Kesho zamu ni saa kumi na moja alfajiri, na Jumapili saa hizo basi la kwanza linakuwa bado halijapita.