Kumbukumbu ya mradi: hedifoni za mgongo wazi na herufi S iliyokuwa ikinichoma

Jioni ya kwanza, kabla ya kugusa skrubu

Hedifoni hizi nimekaa nazo miezi kadhaa. Ni za bei ya chini, za mgongo wazi: nyuma ya kila kikombe kuna wavu badala ya ukuta, hewa inaingia na kutoka, na aliyekaa karibu nawe anasikia unachosikia, atake asitake. Spika zake ni za milimita 50, upinzani wa umeme omu 32, hata simu inazimudu. Kwa upana wa sauti zimenishangaza tangu mwanzo. Ngoma inakaa pale, gitaa kule, mwimbaji katikati, na kati yao kuna nafasi.

Shida ni S. Mwimbaji akitamka "sasa", "siku" au "sisi", ni kama mtu anakwangua bati ndani ya sikio. Na Kiswahili hakina uhaba wa S. Baada ya nyimbo tatu nazivua na kuziweka mezani. Shida ya pili ni besi: ipo, lakini ni kama inapigwa chumba cha pili.

Nimejiwekea masharti matatu. Nibadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kila ninachofanya kiweze kurudishwa kilivyokuwa. Na niguse upande wa kulia tu, wa kushoto ubaki kama ulivyotoka kiwandani mpaka nitakaporidhika. Sharti hili la tatu ndilo ninalolithamini zaidi. Ukiwa na upande mmoja uliofanyiwa kazi na mwingine haujaguswa, unacheza sauti ileile pande zote mbili, unahamisha balansi kushoto na kulia, na jibu unalipata papo hapo. Ukitegemea kumbukumbu ya jana, sikio litakuambia unachotaka kusikia.

Jioni ya pili: kufungua

Pedi zinatoka kwa kuvutwa taratibu kutoka ukingoni. Chini yake kuna bamba la plastiki lenye skrubu nne, katikati kuna spika, na kuizunguka kuna matundu yaliyofunikwa kwa karatasi nyembamba inayopitisha hewa. Nyuma ya bamba kuna nyaya mbili nyembamba zilizolehemiwa kwenye spika, fupi kiasi kwamba ukilinyanyua bamba kwa pupa unazing'oa. Nimepiga picha kila hatua. Leo sijafanya zaidi ya hapo.

Jioni ya tatu: kipimo cha maboksi

Nilitaka macho yasaidie masikio, kwa hiyo nimejitengenezea kipimo. Kipande cha boksi gumu, tundu katikati, ndani ya tundu nimechomeka maikrofoni ndogo ya elektreti yenye upana wa milimita 6, uso wake ukiwa sawasawa na uso wa boksi. Hedifoni inalazwa juu, pedi ikigusa boksi pande zote. Kwenye kompyuta natumia Room EQ Wizard, programu ya bure, ambayo inapiga sauti inayopanda kutoka Hz 20, nzito kabisa, hadi Hz 20,000, nyembamba kabisa (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), kisha inachora grafu.

Grafu hiyo si ya kuringia. Sikio la mtu lina umbo lake, na mfereji wake wenyewe unakuza sauti za karibu na Hz 3,000. Boksi langu halina sikio wala mfereji, kwa hiyo siwezi kulinganisha mchoro wangu na ule mkunjo maarufu wa Harman, yaani mchoro wa sauti ambayo wasikilizaji wengi waliipendelea katika majaribio ya Sean Olive na Todd Welti. Kinachofaa ni kulinganisha kabla na baada, kwenye boksi lilelile. Hata hapo, juu ya Hz 8,000 mambo yanayumba: wimbi la sauti ya Hz 8,000 lina urefu wa sentimita 4 na kidogo tu, kwa hiyo ukisogeza hedifoni milimita chache, vilima na mabonde ya grafu yanahama. Nimepima mara tano kila upande, nikiinua na kulaza upya, nikachukua wastani.

Wastani huo umenionyesha mchongoma wangu. Kuna kilima kirefu kati ya Hz 8,000 na Hz 9,000, pande zote mbili, karibu desibeli 8 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) juu ya jirani zake. S na matoazi vina nguvu nyingi eneo hilohilo. Nilifurahi, nakiri. Kujua adui anakaa wapi ni nusu ya raha.

Jioni ya nne: tishu

Jaribio la kwanza ndilo rahisi kuliko yote: duara la karatasi ya tishu mbele ya spika, chini ya pedi. Karatasi ina vitundu visivyoonekana, hewa inapita kwa kujikamua, na mitikisiko ya haraka ndiyo inayopoteza nguvu zaidi. Besi haijali.

Nilianza na tishu ya tabaka mbili kama ilivyo. Kilima kilishuka kama desibeli 4, lakini matoazi yakapoteza uhai, kana kwamba mpiga ngoma amevaa glovu. Nikatenganisha tabaka, nikaacha moja. Desibeli 2 na kitu. S ikawa S tena, bado kali, lakini ya kuvumilika.

Onyo dogo: tishu yenye manukato au losheni usiiweke. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na nilisikiliza jioni nzima nikinusa maua.

Jioni ya tano: felti

Tishu inafunika kila kitu kwa usawa, na mimi nilitaka kushika kilima chenyewe. Mawazo yangu yalikuwa haya: sauti inatoka kwenye spika, inagonga bamba gumu la plastiki na sikio, inarudi, inakutana na inayokuja, na kwenye urefu fulani wa wimbi zinasaidiana. Ukipunguza ugumu wa bamba, unapunguza marejeo.

Nikakata pete ya felti, kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa, yenye unene wa milimita 2, tundu la katikati likiwa sawa na uso wa spika, nikaibandika juu ya bamba kwa utepe wa pande mbili. Niliangalia sana matundu yale ya pembeni yasizibwe, maana hayo ni hadithi nyingine. Kilima kilishuka desibeli 3 hivi, na safari hii matoazi yalibaki hai. Felti peke yake imenipa karibu yote niliyoyapata kwa tishu, bila ule uzito.

Nikaweka felti na tabaka moja la tishu kwa pamoja. Hapo nikasikiliza albamu nzima bila kuvua. Kilichonishangaza zaidi ni besi: ilionekana kuongezeka, ilhali grafu upande wa chini haijasogea hata nusu desibeli. Ukali ulipopungua nilipandisha sauti kidogo bila kujua, na besi ikapanda nayo. Nikarudisha sauti pale ilipokuwa. Besi ikarudi chumba cha pili.

Jioni ya sita na ya saba: kuifukuzia besi

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na ndipo nilipojifunza.

Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Sauti ya mbele na ya nyuma zinapingana, zikikutana zinauana. Wimbi la Hz 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo sentimita chache za kuzunguka bamba si umbali wowote kwake, linapita popote penye upenyo. Mgongo ukiwa wazi, upenyo wowote upande wa sikio ni besi inayovuja. Vilevile matundu ya kwenye bamba: ni njia ya mkato kati ya mbele na nyuma.

Basi nikayaziba yote kwa plasta ya dukani ya karatasi, ile ya vidonda, juu yake nikaongeza utepe wa umeme. Grafu ikapanda vizuri chini ya Hz 200. Nikavaa, nikatabasamu kwa dakika kumi. Kisha nikaweka sauti ya mtu anayesoma habari, na mtu huyo akawa anasomea ndani ya pipa. Kilichopanda hakikuwa besi ya chini kabisa. Ilikuwa nundu karibu na Hz 120, pale spika yenyewe inapopenda kutikisika, na yale matundu ndiyo yaliyokuwa yakiizuia isijiachie. Kumbe aliyetoboa matundu yale hakuwa mjinga.

Nikabandua nusu. Kisha robo tatu. Nilipoishia ni matundu mawili kati ya manane yakiwa yamezibwa, na hata hayo sina uhakika kama ningeyatambua ukinifunga macho.

Nilijaribu pia kuondoa kitambaa cheusi kilicho nyuma ya wavu wa nje, nikitarajia "kufungua" sauti zaidi. Tofauti kwenye grafu haikufika desibeli 1 popote. Nimekirudisha, angalau kinazuia vumbi.

Jioni ya nane: miwani

Besi iliyokuwa imepotea nimeipata mahali ambapo sikutazama. Mimi huvaa miwani. Nilichukua penseli nyembamba, nikailaza kati ya pedi na boksi kuigiza mkono wa miwani, nikapima. Kwenye Hz 50, desibeli 5 zimeondoka. Jioni mbili za kubandika na kubandua tepu, na kumbe mwizi amekaa juu ya pua yangu.

Nikaanza kuzitazama pedi kwa jicho jingine. Za awali ni za ngozi bandia, nyembamba, ngumu, zimeshaanza kuchanika. Nimezibadilisha na nene zaidi zenye sifongo laini linalokumbuka umbo, nazo zikauzunguka mkono wa miwani vizuri. Ile penseli sasa inaondoa desibeli 2 tu. Lakini pedi nene zimeisogeza spika mbali na sikio, kilima cha juu kimehamia kwingine na kupungua, na ile tishu imekuwa ziada. Nimeitoa. Imebaki felti peke yake.

Kwa udadisi nilikata pia pedi za sifongo tupu, bila ngozi. Nilikuwa nikiifikiria Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968, hedifoni iliyoanzisha mtindo huu wa mgongo wazi, na sifongo zake za njano zinazolala juu ya sikio. Zilikuwa nyepesi, hazipashi joto, na besi yote ikatoroka. Ile ilibuniwa na sifongo kuanzia mwanzo, hii yangu haikubuniwa hivyo.

Jioni ya tisa: upande wa kushoto, na aibu

Upande wa kulia umeniridhisha, ikawa zamu ya kushoto. Felti, matundu mawili, pedi mpya. Nikaona kwa kuwa bamba liko wazi, nibadilishe pia ule waya uliokuwa umechubuka karibu na jeki, niweke mpya.

Nyaya za hedifoni zina rangi ya kupendeza, nyekundu, kijani na ya shaba, lakini rangi hiyo ni ganda la kuzuia umeme. Lehemu haishiki mpaka ganda liungue. Nilihangaika, chuma cha kulehemu kikakaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, plastiki ikaanza kunuka, lakini mwishowe ikashika. Nikafunga, nikavaa.

Besi haikuwepo. Kabisa. Mwimbaji hakuwa katikati, alikuwa ametapakaa nyuma ya kichwa changu kama moshi. Nikadhani nimeiunguza spika. Nikapima kwa maltimita, kifaa cha kupima umeme: omu 31, sawa na mwenzake. Nikapima kwa boksi: grafu nzuri, besi yote ipo! Nikaifungua tena, nikabandua felti, nikaibandika upya. Hali ileile.

Mdogo wangu alipita, akavaa, akafunika upande mmoja kwa kiganja, akabadilisha, akasema, "Kaka, kila upande peke yake uko sawa. Zikiwa mbili ndiyo zinagombana."

Nilikuwa nimegeuza nyaya. Chanya kwenye hasi. Spika ya kulia ikisukuma, ya kushoto inavuta. Nilithibitisha kwa betri ya volti 1.5: unagusisha kwa sekunde moja tu kwenye ncha za jeki, unatazama utando wa spika. Wa kulia uliruka mbele, wa kushoto ukarudi nyuma. Grafu ya boksi isingeweza kuniambia hilo, kwa sababu inaonyesha nguvu ya sauti ya upande mmoja mmoja na haijui mwenzake anafanya nini.

Nimelehemu upya, safari hii nikiwa nimeziandikia nyaya alama.

Jioni ya kumi

Pande zote sasa zinafanana ndani ya desibeli 1 na nusu hadi Hz 6,000 hivi. Nimempa mdogo wangu jaribio la kipofu, yaani bila kumwambia ipi ni ipi, kwa kutumia hedifoni yangu na ya rafiki yangu ya aina ileile ambayo haijaguswa. Tumesawazisha sauti kwanza, kwa sababu kinachosikika kwa nguvu kidogo tu huonekana bora. Mara nane kati ya kumi ametambua iliyorekebishwa, na kila mara kwa kusikiliza S. Kwa besi alibahatisha.

Kilichobaki ni kidogo. Upinde wa juu unalia kama kitanda kibovu nikitafuna, nafikiri kipande cha felti kwenye maungio kitautuliza. Waya mpya ukisuguana na shati unasikika masikioni, huo nitausukia uzi. Na desibeli mbili zilizobaki kwenye Hz 8,500 nimeziondoa kwa ikwalaiza ya simu, kile kirekebisha sauti cha ndani ya programu, dakika moja, bila mkasi.