Nyumba ya wawili, madeni yangu: tulivyoyalipa kwa rehani

Februari 2021 nilikuwa nadaiwa sehemu sita, na mke wangu alikuwa anaijua moja tu. Tunaishi Kihonda, Morogoro. Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki, yeye ni muuguzi. Nyumba yetu ya vyumba vitatu tulianza kuijenga 2012 kwa mshahara wake na faida ya duka, na hati ina majina yetu wote wawili.

Madeni yalianza na bajaji. Niliinunua kwa fedha ya kukopa nikampa kijana kwa mkataba. Ikagongwa kabla haijarudisha hata nusu, na bima yake ilikuwa ile ndogo isiyolipa gari lako mwenyewe. Nikakopa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, kulipa deni la kwanza, nikakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Asiyepitia haya atauliza kwa nini sikuacha. Mtu akishasimama mlangoni mwa duka lako na wateja wanamwona, unachotaka ni aondoke leo tu, ya kesho utayajua kesho.

Niliwaza benki, nikiweka nyumba dhamana. Nakiri kwamba nilikwenda nikiwa na nia ya kukopa kwanza, mke nimweleze baadaye. Afisa mikopo hakuniuliza hata kiasi ninachotaka. Aliuliza, "Kaka, una mke?" Nilipojibu ndiyo akasema nije naye, maana kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 rehani ya nyumba ya familia haisimami bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ingekuwa na jina langu peke yangu. Kwetu majina yalikuwa mawili, kwa hiyo hapakuwa na njia ya pembeni. Siku ile niliona mlango umefungwa. Leo namshukuru Mungu kwa sheria ile.

Sikuthubutu kwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda kwa mshenga wetu, mzee aliyenipelekea posa miaka kumi na minne nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa kalamu. "Andika yote, mwanangu. Ukimwambia nusu, nusu iliyobaki ndiyo itakayokuvunjia nyumba."

Nikaandika. Kausha damu watatu, deni la msingi milioni 4, riba asilimia 20 kwa mwezi, yaani 800,000 kila mwezi na deni lenyewe halijaguswa. Riba zilizolimbikizana, 1,900,000. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, 1,600,000. Mikopo ya simu, 350,000. Mfanyabiashara wa jumla wa Kariakoo niliyechukua kwake mzigo kwa mali kauli, yaani nilipe nikishauza, 2,300,000. Jumla 10,150,000.

Mke wangu aliisoma karatasi ile mara mbili. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Kuna kingine?" Nikasema hakuna. Nilidanganya, na sikupata usingizi. Alfajiri nikamwamsha nikamwambia: mmoja wa wale watatu alinisainisha mkataba wa mauziano ya nyumba, ili nikishindwa kulipa ionekane nilimuuzia. Hapo ndipo alipolia. Madeni yalimuumiza, lakini kuuzwa nyumba aliyoibebea maji ya kumwagilia tofali, akiwa na mimba, kulimuumiza zaidi. Sitasahau sura yake asubuhi ile.

Alikaa siku tatu bila kuzungumza nami zaidi ya salamu. Siku ya nne akasema, "Mume wangu, twende kwa wakili. Wangu, si wa benki."

Wakili alitutua mzigo mmoja palepale. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hivyo karatasi ile mke wangu angeweza kuipinga mahakamani. Pia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na wawili kati ya watatu wangu hawakuwa nayo. Akatushauri jambo ambalo peke yangu nisingeliwaza: tuzungumze na wadai kabla ya kukopa, ili mkopo uwe mdogo.

Tukawazungukia pamoja. Mke wangu ndiye aliyezungumza, mimi nikaonyesha karatasi. Wa Kariakoo alikubali kulipwa taratibu kutokana na mauzo kwa miezi sita, akatoka kwenye hesabu ya mkopo. Kausha damu walipoambiwa fedha yao yote italipwa kwa mkupuo mmoja, na suala la leseni likatajwa kwa adabu tu, riba ya 1,900,000 ikashuka hadi 500,000. Kilichobaki kikawa 6,450,000.

Tukarudi benki wawili. Mthamini aliikadiria nyumba milioni 38, na kwa bei ya kuuza haraka milioni 27. Afisa akasema nyumba inatosha hata mkopo wa milioni 15, tungeongezea mtaji wa duka. Moyo wangu ulishtuka kwa tamaa. Mke wangu akajibu, "Saba." Zile 550,000 za juu zilikuwa za mthamini, wakili, usajili wa rehani na bima.

Afisa alimhoji peke yake, mimi nikiwa nje, kuhakikisha hajalazimishwa. Fomu ya ridhaa hakuisaini siku ile. Aliibeba kwa wakili wake, naye akagundua maneno yanayofanya nyumba ibebe na mikopo mingine nitakayochukua baadaye benki hapo. Waliomba ridhaa ihusu mkopo huu wa milioni 7 peke yake, na benki ikakubali. Ukiitwa kusaini, tazama sehemu hiyo kabla ya zote. Aliuliza pia tukishindwa itakuwaje, akaelezwa habari ya notisi ya siku 60, kisha mnada. Alitaka nilisikie hilo kwa masikio yangu.

Mkopo ulikuwa wa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, yaani inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, rejesho 253,000 na ushee. Nilipopiga hesabu nyumbani nilikaa chini. Riba yote ya benki kwa miaka 3 ilikuwa kama 2,110,000. Kausha damu kwa miezi 3 tu walikuwa wanachukua 2,400,000.

Fedha ilipoingia tulilipa madeni yote, ukiacha la Kariakoo, kwa siku mbili, kila mahali tukichukua karatasi yenye saini na shahidi. Mkataba wa mauziano mke wangu aliupokea kwa mkono wake, akauchana mbele ya mjumbe.

Rejesho nililipata kwa kutenga 10,000 kila siku ya kazi kabla sijanunua chochote, namtumia yeye kwenye simu. Miezi miwili mwaka 2022 biashara ilikauka, akaongezea kwenye posho zake za zamu za usiku. Sikumwomba. Aliona tu siku zimepita sijatuma.

Rejesho la mwisho lilikuwa Aprili 2024. Kumaliza kulipa hakuiondoi rehani kwenye daftari la Msajili wa Hati, kwa hiyo tulifuatilia barua ya benki ya kuachilia dhamana mpaka ikasajiliwa. Siku ya kuchukua hati aliomba ruhusa kazini. Aliifungua palepale kaunta, akapitisha kidole kwenye majina yote mawili, akaiweka kwenye mkoba wake. Sasa iko kwenye sanduku lake la bati, chini ya kanga, na ufunguo anao yeye.