Mwanafunzi aliyenikamata kwenye ATP

Nafundisha kemia kidato cha sita. Juzi nilikuwa naeleza kwamba kuvunja bondi yoyote, yaani kiungo kati ya atomi na atomi, kunahitaji nishati. Ile inayounganisha atomi mbili za haidrojeni, kwa mfano, inadai kilojuli 436 kwa kila moli. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwenye biolojia tumesoma ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, ikivunjwa nishati inatoka. Tuandike lipi kwenye mtihani?"

Swali zito hilo, jamani! Na wala hakuna mwalimu aliyedanganya. Bondi ya fosfeti, ile inayokatika kwenye ATP, nayo inadai nishati ili ikatike. Ila maji yanaingia kwenye mmenyuko, bondi mpya zinaundwa, na zao la mwisho limetulia kuliko ATP yenyewe. Ukijumlisha yote, zinabaki takriban kilojuli 30 kwa moli, katika hali sanifu, za seli kufanyia kazi. Mwenzangu wa biolojia anasoma jumla ya mwisho, mimi nasimama kwenye kila hatua. Wa fizikia ndiye anayewakumbusha kwamba hakuna juli iliyozaliwa wala kupotea.

Nilimwita mwenzangu wa biolojia, tukachora mmenyuko mzima ubaoni pamoja, darasa likituuliza maswali hadi kengele ya mapumziko ikapita. Naumia nikifikiria wangapi wamekariri kwamba ATP ina "bondi yenye nishati nyingi" wakamaliza shule bila kuuliza, kwa sababu kila somo lina daftari lake na mwalimu wake.

Walimu wenzangu, ninyi mnaifundishaje ATP?