Seva iligoma kuwaka, nikakataa kufomati

Bado linaniuma, kwa hiyo naanza nalo: mtu wa kwanza niliyempigia simu usiku ule aliniambia nifomati, yaani nifute diski yote. "Kaka, usijisumbue, piga Ubuntu upya, nusu saa umemaliza." Seva hiyo ina hesabu za wanachama wa chama chetu cha akiba na mikopo hapa Iringa. Nakala ya mwisho niliyokuwa nayo ni ya Jumapili, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Marejesho ya watu ya siku nne niyafute kwa sababu mashine haiwaki?

Na huyohuyo ndiye aliyenifikisha pale. Nilikuwa napandisha mfumo endeshi wa seva, kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04. Do-release-upgrade, amri ya kupandisha toleo, ilikataa kuanza, ikasema /boot, saraka ya mafaili ya kuwashia mashine, haina nafasi. Ni kweli, nilipoisimika seva niliikatia /boot megabaiti 500 tu, na kerneli za zamani (kerneli ni kiini cha mfumo) zilikuwa zimejazana humo. Yeye akasema niachane na hiyo, nibadilishe neno focal (jina la 20.04) kuwa jammy (la 22.04) kwenye sources.list, orodha ya mahali programu zinapotoka, kisha nipige full-upgrade. Nikafanya. Katikati ya mamia ya mistari ukapita mmoja: No space left on device. Nikamuuliza tena. Akasema futa kwa rm mafaili yote ya kerneli ya zamani, 5.4, yaliyomo /boot, nafasi ipatikane, halafu washa upya. Nikafuta, nikawasha.

Skrini ikaganda hapa:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Ukiona sufuri mbili hizo, usikimbilie kusema diski imekufa. Kerneli mpya, 5.15, ilikuwa imewaka vizuri, ila haikuwa na initrd, lile faili linalobeba draiva na vifaa vya kufungulia LVM, mpangilio wa diski ambamo mfumo wangu umekaa. Halikuundwa kwa sababu nafasi ilikwisha, na nafasi ilipopatikana hakuna aliyerudi kuliunda. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, nikachagua 5.4, ikajibu faili halipo. Nilikuwa nimelifuta kwa mkono wangu.

Mama mhasibu akapiga simu: "Mwanangu, kesho saa mbili watu wako dirishani." Nikamwambia, "Mama, wataikuta inafanya kazi."

Flashi ya Ubuntu niliitengeneza kwenye laptopu, nikawashia seva kwa hiyo. Kabla ya kugusa chochote nilipachika diski kwa kusoma tu, nikahamishia data yote kwenye diski ya nje. Diski hiyo niliazima kwa jirani. Baada ya hapo ndipo moyo ulipotulia.

Jaribio la kwanza lilinila saa nzima. Nikaamsha LVM kwa vgchange -ay, nikapachika mzizi (diski kuu ya mfumo) kwenye /mnt, nikaunganisha dev, proc na sys, nikaingia kwa chroot, yaani nikafanya kazi ndani ya mfumo wa seva nikiwa kwenye flashi. (Humo ndani usitumie uname -r kupata namba ya kerneli, itakupa ya flashi. Angalia /lib/modules.) Nikapiga update-initramfs -c -k na namba ya 5.15, ili iunde initrd. Ikakubali, na onyo moja tu kwamba faili la config halipo. Update-grub, inayoandika upya menyu ya GRUB, ikalalamika kwamba saraka ya /boot/grub haipo. Nikaona ni jambo dogo, nikaiunda kwa mkdir. Nikarudia, ikaandika done. Nikawasha upya nikiwa na uhakika kabisa.

Panic ileile, sufuri zilezile.

Nilikaa nikaitazama ile skrini muda mrefu. Kilichonizindua ni saraka niliyoiunda. Seva iliyokuwa ikiwaka kwa miaka inakosaje /boot/grub? Nikarudi kwenye flashi, nikasoma /mnt/etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni za kupachikwa, na mstari wa pili ukanijibu: /boot ni patisheni yake yenyewe, sda2, na sikuwa nimeipachika. Kazi yangu yote nilikuwa nimeiandika kwenye saraka tupu iliyo chini yake. Seva ikiwaka inasoma sda2, ambako hakuna kilichobadilika. Tangu siku hiyo nasoma fstab kabla ya chroot, kila mara.

Nikafuta yale niliyoyaandika mahali pasipo pake, nikapachika sda2 kwenye /mnt/boot, nikaingia tena. Nikapiga dpkg --configure -a kumalizia usimikaji uliokatika, nikaondoa vifurushi vya 5.4 kwa apt purge badala ya rm, nikaunda initrd. Safari hii update-grub ikatoa mistari miwili ambayo mara ya kwanza haikuwepo: Found linux image, na chini yake Found initrd image. Ukikosa mistari hiyo, neno done lisikudanganye. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta sasa kabla ya kuwasha upya seva yoyote.

Saa kumi na moja alfajiri ikaniomba jina na nywila. Nilipiga df -h /boot mara mbili kuona nafasi iliyobaki, nikafungua programu ya hesabu, nikahesabu miamala ya Alhamisi mmoja mmoja.

Saa mbili na dakika chache mama mhasibu akatoa risiti ya kwanza. Namba yake ilifuata ya mwisho ya jana jioni, bila kuruka hata moja.