Neno «kwa hiyo» lilivyotaka kusema uongo katika taarifa ya wakulima wa viazi

Tangu nilipostaafu ualimu na kuhamia Uyole, watu huniletea maandishi yao niyapitie kabla hayajafika ofisini: barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, wakati mwingine hata hotuba za harusi. Miezi michache iliyopita alinijia katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo kutoka upande wa Isyonje, akiwa na taarifa ya msimu ambayo mkopeshaji wao aliitaka. Sehemu moja ilisomeka hivi: «Mvua zilichelewa. Tulipanda mwishoni mwa Desemba. Mbegu zilikuwa za msimu uliopita. Mnyauko uliingia. Tulivuna magunia machache.»

Hakuna sentensi hata moja yenye kosa hapo. Hata hivyo, msomaji anapewa mambo matano yaliyotawanyika kama viazi vilivyomwagika kutoka kwenye gunia, naye ndiye anayeachiwa kazi ya kuyaokota na kuyapanga. Nilichukua kalamu, nikaandika kwa kujiamini kabisa: «Mvua zilichelewa, kwa hiyo tulipanda mwishoni mwa Desemba; aidha, mbegu zilikuwa za msimu uliopita, na kwa sababu ya mvua hizo mnyauko uliingia, hivyo tulivuna magunia machache.»

Katibu aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akasema: «Mwalimu, imenyooka vizuri, ila si kweli.»

Nilimwomba anieleze. Kumbe mvua zilichelewa kidogo tu, na majirani zao walipanda Novemba bila tatizo. Wao walichelewa kwa kuwa walikuwa wakisubiri fedha za mbolea, na zilipofika hazikutosha kununua mbegu safi, ndipo wakapanda viazi walivyokuwa wamevihifadhi wenyewe. Mnyauko wa bakteria husafiri ndani ya kiazi cha mbegu, hata kile ambacho kwa macho kinaonekana kizima, na mvua haikuwa na hatia yoyote katika habari hiyo. Maneno yangu mawili, «kwa hiyo» na «kwa sababu», yalikuwa yameihukumu mvua bila kusikiliza shahidi hata mmoja.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha nne kwamba viunganishi ni vya kuifanya insha itiririke, na wao, wakitafuta alama, walivipachika kila mwanzo wa aya. Sikuwaambia kwamba kiunganishi kinadai jambo. Anayeandika «kwa hiyo» anadai kwamba jambo la kwanza limezaa la pili, ilhali anayeandika «ingawa» anadai kwamba la kwanza lilitazamiwa kulizuia la pili lakini halikufaulu. Neno «bali» nalo linataka kitu kikanushwe kwanza, ndiyo maana «hatukukosa mvua, bali fedha» ni sentensi inayosimama, na «tulikosa mvua bali fedha» inachechemea.

Kiswahili, zaidi ya hayo, hakitegemei maneno ya pembeni pekee. Mengi ya maneno hayo, kama vile lakini, bali, aidha na ilhali, tuliyapata kutoka Kiarabu, lakini kitenzi chetu kilikuwa na kamba zake tangu zamani. Tazama «mvua zikachelewa, tukapanda Desemba, mnyauko ukaingia»: kiambishi -ka- kinapanga matukio kwa mfuatano bila kumtaja mkosaji. Kiambishi -po- kinaonyesha wakati, -ki- kinaweza kuonyesha sharti au jambo linaloendelea, -nge- kinatupeleka kwenye lile ambalo halikutokea. Mwandishi anayevijua viambishi hivi hahitaji kuanza kila sentensi kwa «baada ya hapo». Nadhani waandishi wengi wa siku hizi wanavisahau kwa sababu wanafikiri kwa Kiingereza kwanza, na hapo ndipo «aidha» ilipogeuzwa kuwa «ama», eti «aidha uje leo au kesho», wakati maana yake ya asili ni vilevile au zaidi ya hayo. Vita hiyo huenda nimekwisha kushindwa, lakini kwenye karatasi inayopita mikononi mwangu bado naifuta.

Jambo jingine linalonikera ni sentensi za lumbesa, zile zinazojazwa viunganishi hadi zinavimba juu ya mdomo wa gunia: «hivyo basi kwa hiyo», au «ambapo» inayobebeshwa kila mzigo, ya mahali, ya wakati, ya sababu, ya chochote. Kiunganishi kimoja kilichochaguliwa vizuri kinatosha. Kuhusu «ingawa… lakini» katika sentensi moja, mimi hukata «lakini», ingawa nakiri kwamba wasemaji wazuri hutumia vyote viwili na wanaeleweka.

Tukarudi kwenye taarifa, safari hii katibu akisimulia nami nikiandika: «Ingawa mvua zilichelewa, majirani zetu walipanda Novemba, sisi tulisubiri fedha za mbolea hadi mwishoni mwa Desemba. Kwa kuwa fedha hizo hazikutosha kununua mbegu safi, tulipanda viazi tulivyovihifadhi msimu uliopita, navyo vilikuwa na mnyauko. Ndiyo maana tulivuna magunia machache.» Niliipenda hasa ile «navyo», ambayo kwa neno moja inashika viazi vilevile na kusogeza habari mbele.

Siku tatu baadaye alinipigia simu. Taarifa ilisomwa kwenye kikao na wanachama wakaikubali yote isipokuwa «kwa kuwa», kwa sababu mweka hazina aliona inamnyooshea kidole yeye. Walikuwa wamejadiliana karibu saa nzima, wakakubaliana iandikwe «fedha hizo zilipokosa kutosha kununua mbegu safi». Mimi ningeliacha «kwa kuwa» mahali pake, lakini taarifa ni yao, na -po- haikusema uongo wowote.