Kabla ya "mtu mwenye ulemavu" kuna shikamoo

Waulize wanafunzi wa uuguzi hapa Tabora neno la heshima ni lipi, watakujibu upesi: "mtu mwenye ulemavu". Ndilo lililomo kwenye Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nao wamelikariri. Wakifika wodini, wakati wa kukabidhiana zamu, unasikia: "Kitanda cha nne, yule bubu, ameshapata dawa."

Ndiyo maana nashauri somo la lugha ya heshima lianzie kwenye ripoti ya zamu, si kwenye orodha ya maneno. Saa moja na nusu inatosha. Vikundi vya watu watano wapewe sentensi za kuandika upya, kwa mfano: "Mlemavu, miaka 34, homa siku tatu." Mtu huyu ameletwa na homa. Kama ulemavu wake wa mguu hauhusiani nayo, usitajwe kwenye sababu ya kuja; kama unagusa huduma, kitajwe kinachohitajika: "Anatumia kiti mwendo, asaidiwe kuhamia kitandani." Au "mtoto taahira". Neno hilo, mbali na kumdhalilisha mtoto, halimwambii chochote anayepokea zamu. "Ana miaka minne, hajaanza kusema, hutafuna kwa shida" linamwambia jinsi ya kumlisha.

Kwenye neno kiziwi wengi huteleza, wanalifuta pamoja na kilema. Lakini viziwi wenyewe wanajiita hivyo, na chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Wanalolikataa ni bubu, kwa kuwa wana lugha, ile ya alama. Zeruzeru lifutwe kabisa, tuseme mtu mwenye ualbino. Kule Kabanga, Kasulu, mkoani Kigoma, watoto wenye ualbino walilazimika kuishi shuleni kwa kukimbia kuuawa; katika mikoa hii neno hilo si la mzaha.

Dakika 30 ziwe za maigizo: mhudumu, mgonjwa asiyeona, na ndugu aliyeelekezwa pembeni ajibu kila swali yeye. Karibu kila mwanafunzi atamgeukia ndugu: "Mama anaumwa nini?" Tena shikamoo atampa ndugu peke yake, na mama wa miaka 60 ataishia kuitwa "wewe". Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko neno lolote la kwenye orodha. Wafundishwe kusema: "Ahsante kaka, ngoja nimsikie mama mwenyewe." Na pole ni ya homa, kutoona kwake hakuombi pole.

Msiwafunge wanafunzi vitambaa machoni ili waonje kutoona. Dakika kumi za kujikwaa huwaachia huruma na woga tu. Aalikwe mtu mwenye ulemavu afundishe, alipwe posho sawa na mwalimu mgeni mwingine.

Baada ya wiki tatu, pitia faili kumi walizoandika na usikilize ripoti mbili za zamu. Maneno ya zamani yakiwa yamerudi, mara nyingi wameyaokota kwa mhudumu mkongwe wa wodi. Huyo naye aitwe kwenye kipindi kijacho.